Nyuklia na sola, ipi inachafua zaidi? Jibu kwa dada wa Igombe anayechaji betri za wavuvi

Swali nililotumiwa, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo injinia. Nina kibanda cha kuchaji hapa Igombe, Mwanza, nachaji kwa sola betri za taa za wavuvi wa dagaa na simu za watu. Juzi kijana mmoja msomi kaniambia eti sola yangu inachafua mazingira kuliko nyuklia, paneli zina sumu na hazina pa kutupwa. Mwingine akadakia kwamba Wakenya wanataka kujenga nyuklia Siaya, ziwa hili hili, na tutakwisha wote. Tuna kikao cha BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo) na hii habari itaongelewa. Naomba unipimie, ipi ina gharama kubwa kwa mazingira? Na betri zangu zilizokufa ziko nyuma ya kibanda, nizifanyeje?"

Marahaba dada. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kikao. Nakupa jibu kwanza alafu nielezee nimelipataje. Kwa kila yuniti ya umeme nyuklia na sola zote zinachafua kidogo sana ukizilinganisha na makaa ya mawe au yale mafuta mazito ya kituo cha umeme cha pale Nyakato, na kwenye hewa ya ukaa huyo kijana yuko sahihi kabisa, nyuklia iko chini hata ya sola. Ila ukija kwetu huku pembeni ya ziwa uchafu wa sola uko kwenye betri, paneli unaisingizia tu, na wasiwasi wa nyuklia unatakiwa uwe kuhusu mahali kinu kinapokaa na nani atakilinda pamoja na taka zake kwa miaka mingi sana, hili la kufa wote halina msingi. Kwahiyo hao wawili kila mmoja kashika kipande.

Sasa tupime, na tutumie kipimo kimoja kwa wote. Chukua paneli moja ya wati 300 juu ya paa lako, kwa jua la Kanda ya Ziwa inakupa yuniti moja na kidogo kwa siku, kama 400 kwa mwaka, na paneli nzuri inaishi miaka 25, kwahiyo maisha yake yote ni kama yuniti 10,000. Hizo yuniti 10,000 zingetoka kwenye makaa ya mawe ungechoma tani 4 hadi 5 za makaa na kurusha angani zaidi ya tani 8 za hewa ya ukaa, hii ni kwa makadirio ya jopo la wanasayansi wa hali ya hewa la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2014. Kwa makadirio hayo hayo sola inakuja na kilo 400 na ushee, nyuklia kilo kama 120. Za sola zinatoka karibu zote kiwandani, maana silikoni inayeyushwa kwa moto mkali sana na viwanda vingi viko China ambako umeme mwingi bado ni wa makaa ya mawe, lakini paneli ikishawekwa juani inarudisha umeme uliotumika kuitengeneza ndani ya mwaka mmoja hadi miwili hivi, miaka mingine yote iliyobaki ni faida. Na kadri viwanda vinavyoboreshwa hizo kilo 400 zinashuka. Kwahiyo ukiniuliza kuhusu hewa tu, tofauti ya sola na nyuklia ni ndogo mno kugombania, wote wawili wamemuacha makaa mbali.

Twende kwenye taka, maana hapa ndio watu wanachanganywa. Hizo yuniti 10,000 zikizalishwa na kinu cha nyuklia zinaacha mafuta yaliyotumika kama gramu 30. Ni kitu kizito sana, kwa ukubwa ni kama punje chache za karanga. Kinu kikubwa cha megawati 1,000 kwa mwaka mzima kinatoa tani 20 hadi 30 za hayo mafuta, zinaingia kwenye chumba kimoja. Lakini hizo gramu zina mionzi ambayo mtu akikaa karibu nayo bila kinga inamuua, kuna vitu humo kama plutoni ambavyo kila baada ya miaka 24,000 ndio vinapungua nusu, na mpaka leo nchi iliyofika mbali zaidi kwenye kuzika hizi taka moja kwa moja ni Finland, wamechimba mahandaki kwenye mwamba zaidi ya mita 400 chini ya ardhi pale Onkalo, na kazi ya kuchimba ilianza 2004. Fikiria nchi tajiri na tulivu kama ile imetumia muda wote huo kwa kazi ya kuzika tu.

Alafu kuna kitu watetezi wa nyuklia wanakiruka, mgodi. Urani haioti dukani. Sisi tunayo wenyewe, mto Mkuju kule Namtumbo, Ruvuma, na ili mgodi upite ilibidi mwaka 2012 UNESCO ikubali mpaka wa Pori la Selous usogezwe. Mwamba wa kule una urani kidogo, kwa makadirio gramu 300 hadi 400 kwa tani ya mwamba, kwahiyo kwa zile yuniti zako 10,000 unatakiwa usage karibu robo tatu ya tani ya mawe. Nyie watu wa Mwanza mnajua marudio, mnajua Geita, mnajua lile tope linalobaki baada ya dhahabu kutolewa. La urani ni hivo hivo ila lina jambo la ziada, ukishatoa urani karibu asilimia 85 ya mionzi ya lile jiwe inabaki kwenye tope, kwa sababu urani imeondoka lakini watoto wake, thoriamu na radiamu, wamebaki mle ndani, na radiamu inatoa gesi ya radoni ambayo mtu anaivuta bila kuiona wala kuinusa. Likifunikwa vizuri kwa udongo na kulindwa halina shida kubwa. Likiachwa bwawa lipasuke mvua za masika, linaenda mtoni. Na ule mgodi ukiisha baada ya miaka michache tope linabaki pale pale, ulinzi wake unatakiwa uendelee vizazi na vizazi huku mapato yalishakwisha. Mimi hapa ndipo napata wasiwasi kuliko kwenye kinu chenyewe.

Paneli sasa. Ni kweli zina sumu kidogo. Zile za kawaida za silikoni, robo tatu ya uzito ni kioo, kuna fremu ya aluminiamu, plastiki, waya wa shaba, fedha kidogo sana, na kwenye zile nyaya za kuunganishia kuna risasi, gramu 10 hadi 15 kwa paneli nzima. Kuna aina nyingine yenye kadimiamu lakini hiyo huku mtaani sijaiona, inawekwa zaidi kwenye mashamba makubwa ya umeme. Kwa dunia nzima taka za paneli zitakuwa nyingi kweli, makadirio ya mwaka 2016 yalisema zinaweza kufika jumla ya tani milioni 78 ifikapo 2050, na kuzirejeleza bado ni ghali kwahiyo nyingi zinaishia dampo. Inabidi lishughulikiwe. Lakini paneli iliyopasuka nyuma ya nyumba yako, usiichome tu na usiache watoto wachezee vioo, haitakuletea msiba.

Betri ndio nataka tukae nayo, dada, maana hii kazi yenu ni ya usiku. Dagaa wanavuliwa gizani, mbalamwezi ikiwa kubwa watu wanapumzika, kwahiyo huwezi kumwambia mvuvi atumie umeme wa mchana. Zamani ilikuwa karabai na mafuta ya taa, moshi na mafuta yanamwagika ziwani, kuhamia taa za sola na betri ilikuwa hatua nzuri na mimi naiunga mkono. Ila angalia hesabu. Betri ya maji ya N100 ina kilo 25 hivi na zaidi ya nusu yake ni risasi, tuseme kilo 15. Kwa namna wavuvi wanavyoikausha kila usiku mpaka taa inafifia kabisa inakaa miaka 2 au 3 imekufa. Kwa maisha ya paneli moja ya miaka 25 unazika betri 8 au zaidi, yaani kilo 120 za risasi, na paneli yenyewe ilikuwa na gramu 15! Karibu mara elfu nane. Kwahiyo mtu akikwambia sola ina sumu mwambie ndiyo, na umuonyeshe iliko.

Na risasi ni kitu kibaya kuliko watu wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango salama kwenye damu. Mtoto mdogo tumbo lake linanyonya risasi mara 4 hadi 5 kuliko la mtu mzima, inaingia kwenye ubongo unaokua, mtoto anakuwa mzito kuelewa darasani, hasira, tumbo kuuma, na nyumbani wanadhani ni minyoo au wanadhani karogwa. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 kule Thiaroye-sur-Mer, nje ya Dakar, Senegal, watoto 18 walikufa ndani ya muda mfupi kwa sababu ya mchanga uliochanganyika na risasi ya betri zilizobomolewa hapo mtaani. Hapa jirani Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwasumisha watu wa mtaa mzima, Phyllis Omido aliyewapigania alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015 na mahakama mwaka 2020 iliamua wananchi walipwe. Na kuna jambo moja la kufikiria, siziamu, kitu chenye mionzi kilichomwagika kwenye ajali ya kinu cha Chernobyl, inapungua nusu kila miaka 30, risasi iliyomwagika nyuma ya kibanda haipungui kamwe, haiozi, inakaa kwenye udongo wa juu pale pale watoto wanapocheza na kuku wanapoparua.

Ukienda mialoni utaona wenyewe. Betri imekatwa kwa panga juu, asidi imemwagwa chini, nyasi zimekufa duara, kuna unga mweupe umeganda kwenye vipande vya plastiki, zile sahani za kijivu zimewekwa kwenye kiroba cha mtu wa vyuma chakavu kwa sababu analipia risasi tu na hataki kubeba asidi. Watu wanadhani asidi ndio sumu yenyewe na ikishanyonywa na mchanga yameisha. Asidi ile imebeba risasi iliyoyeyuka ndani yake, na mvua ikija inashuka nayo mpaka majini, na pale pembeni tu kuna dagaa wameanikwa.

Kwahiyo gharama kubwa ya sola ya kwenu ipo, lakini uzuri wake ni kwamba inatibika. Risasi ya betri inarejelezwa karibu yote kiwanda kikiwa cha maana, na leo kuna betri ambazo hazina risasi kabisa. Taka ya nyuklia haikupi huo uhuru, hiyo unaitunza tu.

Haya, tuje Siaya. Baada ya watu wa Uyombo kule Kilifi kupinga, Kenya wameelekeza macho upande wa ziwa, Kaunti ya Siaya, na Uganda nao wana mpango wao Buyende, upande wa Ziwa Kyoga. Bado ni mipango, usije ukamtisha mtu kikaoni kwamba kinu kimewaka. Na pia usiwaambie watu kitalipuka kama bomu, hakiwezi, mafuta yake hayana nguvu hiyo. Ukihesabu vifo kwa umeme uliozalishwa, pamoja na ajali za Chernobyl na Fukushima, nyuklia iko kwenye 0.03 kwa kila terawati-saa (yuniti bilioni moja), sola 0.02, makaa ya mawe karibu 25. Nakwambia hivi kwa sababu ukianza na uongo mtu mmoja mwenye simu atakuumbua na hoja yako ya kweli itapotea.

Hoja ya kweli ni maji. Kinu kinageuza theluthi moja tu ya joto lake kuwa umeme, theluthi mbili inatupwa. Kinu cha megawati 1,000 kinatupa joto la megawati 2,000, na kikivuta maji ya ziwa na kuyarudisha moja kwa moja yanahitajika karibu mita za ujazo 50 kila sekunde, yakirudi yameongezeka joto nyuzi 10 hivi. Bahari inamudu, kinu cha Koeberg pale Afrika Kusini wanafanya hivo tangu 1984. Ziwa Victoria lina kina cha wastani wa mita 40 tu, Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi zaidi, maji yake tayari yanageuka kijani kwa mwani, na maji ya moto yanashika hewa kidogo, mwenye vizimba vya sato anajua hewa ikipungua usiku mmoja kinachotokea asubuhi. Wanaweza kujenga minara ya kupoozea badala yake, maji yanayopotea yanashuka mpaka chini ya mita moja ya ujazo kwa sekunde, ila ni gharama ya ziada na lazima iandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo.

La pili, magugu maji. Miaka ya 90 yaliziba milango ya maji ya bwawa la Owen Falls pale Jinja. Bwawa likizibwa umeme unapungua, basi. Kinu cha nyuklia hata kikizimwa bado kinahitaji kupoozwa kwa siku nyingi, na hicho ndicho kilichotokea Fukushima tarehe 11 Machi 2011, vinu vilijizima vyenyewe tetemeko lilipopiga, ila maji ya tsunami yakaua majenereta, pampu zikasimama, mafuta yakayeyuka. Mtu anayetaka kujenga kwenye ziwa hili atuonyeshe pampu zake zitafanya nini siku magugu yakija kama mkeka.

La tatu, na kwa mkoa wetu naliona zito kuliko yote, ni soko. Ziwa hili maji yake mengi yanaingia kwa mvua na kutoka kwa jua, mto unaotoka ni mmoja tu, Nile, kwahiyo kilichoingia kinakaa. Na hata kisipoingia kitu, hofu inatosha. Mwisho wa miaka ya 90 Umoja wa Ulaya ulifunga soko la samaki wa ziwa hili zaidi ya mara moja, kipindupindu, alafu 1999 ikawa habari ya watu kuvua kwa sumu, na viwanda vya sangara hapa Mwanza vilisimama. Agosti 2023 Japani walipoanza kumwaga baharini maji yaliyosafishwa ya Fukushima, shirika la atomiki la kimataifa likiwa limekagua na kuridhika, China ilipiga marufuku samaki wote wa Japani siku hiyo hiyo. Mvuvi wa Igombe hatapata hata yuniti moja ya umeme wa Siaya lakini hofu ikitokea ataibeba yeye.

Kwahiyo msimamo wangu ni huu: nyuklia kama teknolojia siipingi, naipinga ikae kwenye ufukwe wa ziwa la kina kifupi linalolisha mamilioni ya watu wa nchi tatu. Na Tanzania saivi hatulazimiki kuwa nayo. Tuna bwawa la Nyerere la megawati 2,115, na bwawa ni rafiki mkubwa wa sola, mchana sola ifanye kazi, maji yabaki, usiku tufungulie maji, unapata umeme wa usiku bila mlima wa betri. Mradi wa sola wa Kishapu, Shinyanga, megawati 150 ambazo 50 ni awamu ya kwanza, ni njia hiyo hiyo. Ardhi inaliwa, sikatai. Kufikia umeme wa mwaka wa kinu kimoja cha megawati 1,000 ungehitaji shamba la paneli la kama kilomita za mraba 90, karibu sehemu moja ya sita ya kisiwa cha Ukerewe, kwahiyo wasije wakachukua malisho na mashamba ya pamba ya watu kwa bei ya bure. Ila ardhi ile ukiing'oa paneli kesho inalimwa.

Kikaoni omba vitu viwili viandikwe. Kwanza nchi zetu zilisaini mwaka 2003 itifaki ya maendeleo ya bonde la Ziwa Victoria, na kamisheni yake iko Kisumu, mradi mkubwa unaogusa ziwa majirani wanatakiwa wajulishwe, kwahiyo BMU iombe kupitia halmashauri ipewe taarifa ya tathmini ya mazingira ya Siaya ikitoka, na hasa ukurasa wa kupoozea. Pili, Tume ya Nguvu za Atomu iombwe kupima mionzi ya asili kwenye samaki, maji na tope la ziwa sasa hivi kabla hata msingi haujachimbwa, hivo vipimo vikiwepo siku mnunuzi wa Ulaya akiuliza mnamwonyesha vya kabla na vya baada, visipokuwepo hamna cha kumjibu.

Na betri zako. Usizifungue na usimwage asidi. Zisimamishe wima juu ya ubao au beseni la plastiki, chini ya paa, mbali na watoto na dagaa, na pakimwagika mwagia magadi au chokaa kwanza ukiwa na glavu. Usimuuzie anayekata hapo hapo, muuzie anayebeba nzima na asidi yake na mwenye kibali cha NEMC, baraza la mazingira, cha taka hatarishi, muombe akuonyeshe. Ukimkuta mtu anayeyusha risasi kwenye sufuria kutengeneza vizito vya nyavu, hiyo sufuria isirudi jikoni na watoto waondoke. Ukinunua mpya jikaze ununue ya lithiamu iliyoandikwa LiFePO4 ubavuni, bei yake mwanzo inauma lakini inavumilia kukaushwa maelfu ya mara, haina risasi wala kobalti, ila hakikisha chaji kontrola yako inaikubali. Wakati huo wavuvi waambie wazime kabla taa haijaanza kufifia, betri ya maji ukiiacha na nusu inakaa karibu mara mbili. Mwenye lori hatakuja Igombe kwa betri chache, kwahiyo ongea na BMU za Kayenze na mialo ya jirani mkusanye sehemu moja yenye sakafu ya zege, zikijaa mumpigie simu.